Aliyekuwa Ndani ya Mvuke

Tokyo, 9 Aprili 2014

Mjomba Tsuneo,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta unapogoa matufaha, mikono imejaa utomvu, na utaiweka juu ya jokofu uisome ukishakula. Sawa, lakini uisome. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Hataki kwenda hospitali, anasema daktari wa mtaani kwetu ni mtoto mdogo, hajui maumivu ni nini. Maua ya mcheri huku yameshapukutika, watu wanafagia. Mimi mzima, mwaka huu sijavunjika mfupa.

Sasa kaa chini. Nimepata kazi. Studio inatengeneza filamu ya kuwakutanisha mashujaa wa vizazi vitatu: Shujaa Mvuke wa mwaka 1974, Shujaa Umeme niliyekua naye mimi, na Shujaa Sumaku wa sasa hivi, yule aliyejaa kwenye vibweta vya chakula vya watoto wa chekechea. Wote watatu reli moja, dhidi ya Mfalme Kutu. Babu, baba na mjukuu wakae ukumbi mmoja, kila mtu na wake wa kumshangilia.

Walipotafuta mtu wa kuingia ndani ya Mvuke, vazi likawashinda. Wameshona jipya kwa vipimo vya lile la zamani, na wanaume wa kikundi chetu cha waigizaji wa ndani ya mavazi siku hizi ni warefu kama nguzo. Nikalijaribu mimi, likanikaa. Kiongozi wetu, Bwana Tobita, akanizunguka mara mbili akasema, "Huyu ana mwili wa Kasai." Mjomba, moyo ulinilipuka! Hakuna anayejua kwamba Kasai, aliyekuwa ndani ya Mvuke wa kwanza, ni mjomba wangu, maana mimi ni Onodera.

Nifundishe. Anatembeaje, anageukaje, anapumuaje akishashinda. Kanda za zamani nimezitazama, lakini kanda haisemi uzito uko mguu gani. Uso wa Mvuke, yaani mwigizaji atakayeonekana bila vazi, bado hawajautangaza. Na tafadhali usimwambie Mama, unajua anavyokuwa ikitajwa ile kazi yako ya zamani.

Mpwa wako,
Chizuru


Tokyo, 20 Mei 2014

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama anasema ulipiga simu kuuliza kama mbegu za figili zimefika, na kwamba ulikuwa na sauti nzuri. Kwa hiyo mkono unao, na kalamu bila shaka unayo. Hapa tumeshaanza mazoezi. Joto la ndani ya vazi limeshanitoa kilo sijui ngapi, nashindia matonge ya wali na plamu za chumvi.

Nitasema moja kwa moja. Jana tulikula pamoja kikundi kizima, na mtu wa uso wa Mvuke alikuwepo. Mcheshi kweli, anamjua kila mtu kwa jina, hata mama wa chai. Mmoja wetu akamuuliza, "Ni kweli zamani ulikuwa ndani ya vazi wewe mwenyewe?" Akasema, "Mara nyingi. Palikuwa na kijana mmoja wa Aomori wa kunisaidia, lakini alikuwa mlevi mno, akavunjika mguu kwa ulevi wake. Maskini." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na kijiti cha samaki mkononi, nikakiangalia tu.

Hivyo ndivyo anavyosema Mama pia, kwamba pombe ndiyo iliyokuharibia. Mjomba, ulikuwa umelewa?

Chizuru


Itayanagi, 1 Juni 2014

Chizuru,

Marahaba. Barua zote mbili zimefika. Maua ya matufaha yamekwisha, sasa tunapunguza matunda machanga, shingo inauma kwa kutazama juu kutwa. Goro mbwa mzee anaamka, anakula, analala. Ndiyo habari yote ya hapa.

Sikujibu kwa sababu ulinidanganya. Eti uso wa Mvuke haujatangazwa! Magazeti ya huku yalimtoa tangu Machi, picha kubwa, meno yote nje. Usinifanye mzee wa shamba. Shunsaku Kujirai. Mimi nimeliandika, wewe uliogopa hata kuliandika.

Sasa nisikilize, na barua hii mama yako asiione. Sinywi. Hakuna mwanamume wa ukoo wa Kasai anayeiweza pombe. Baba yetu alikuwa akilewa kwa supu ya mashapo ya pombe ya mchele, sake, anaimba, analala na bakuli mkononi. Mama yako anajua hivyo, na bado aliwaamini watu wa studio. Hilo liache.

Ilikuwa Februari 1975, kwenye machimbo ya mawe. Nilikuwa ndani ya Mvuke, nimevaa kichwa cha vazi. Unajua mwenyewe matundu ya macho ni kama vifungo vya koti, kushoto huoni kitu. Kujirai alikuja anatoka kwenye sherehe, amelewa chakari, akataka aendeshe pikipiki mwenyewe, siyo yule dereva wetu. Nani angemkataza? Akatoka kushoto kabla hatujapewa ishara. Mguu ulisagika kwenye jiwe kama figili kwenye kikwaruzo.

Akanivua kichwa, akanipakata. Alikuwa analia. Akatoa kichupa chake cha sake akanimiminia mdomoni, "Kunywa Tsuneo, inapunguza maumivu, kunywa." Daktari alipofika nilikuwa nanuka kama pipa, uso mwekundu, nimezimia. Ikaandikwa hivyo: mlevi. Studio ikanifukuza, na hakuna kikundi kilichonitaka. Wazazi wa Ritsuko wakarudisha zawadi za posa. Yule ungekuwa unamwita mke wa mjomba leo.

Yeye akawa nyota wa filamu za kisamurai, hakutaka hata kuulizwa habari za Mvuke. Sasa amezeeka anakumbuka. Kisasi changu nimekiweka kiporo muda wote huu, na bado hakijachacha.

Nitakufundisha. Kanuni yetu ni kwamba mtu wa ndani humtazama mtu wa uso, anamwiga kila kitu, ili mwili na uso viwe mtu mmoja. Wewe usimwige. Mvuke hakuwahi kuwa yeye. Uzito uko mguu wa kulia, bega la kushoto linatangulia, na kabla ya kugeuka unasita kidogo, kama treni inayoondoka stesheni. Akishashinda hapumui juu juu, anashusha mabega mara moja tu.

Halafu nijibu hili. Tulipokuwa tunafanya maonyesho juu ya mapaa ya maduka makubwa, yeye alisimama kushoto na mimi kulia, tunapiga pozi pamoja. Pozi hilo hakuwahi kulijua. Kwenye televisheni alivuta kamba ya filimbi tu, moshi ukamfunika, na baada ya hapo ni mimi. Kwa hiyo pale juu ya paa alikuwa ananiibia kwa pembe ya jicho. Bado anaibia?

Mjomba wako


Tokyo, 29 Juni 2014

Mjomba,

Shikamoo. Mvua za huku hazikati, nguo hazikauki, Mama ametundika hata juu ya televisheni. Goro mpe pole yangu.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Nina hasira sijui niziweke wapi. Kila asubuhi nampa heshima zake, "Habari za asubuhi, Mwalimu Kujirai," na yeye ananipa peremende za koo. Nazitupa chooni.

Nilitembea ulivyosema. Bwana Tobita alisimamisha mazoezi. Akasema hajaona kitu kama hicho tangu akiwa mtoto mbele ya televisheni. Fundi mmoja mzee wa taa alijifuta macho, akajidai ni vumbi.

Ndiyo, bado anaibia. Jana tulifanya majaribio ya salamu za jukwaani, zile za siku ya kwanza. Nyuso kushoto, sisi kulia. Kichwa hakigeuki hata kidogo, jicho tu linakuja, na mkono wake unafuata wangu, umechelewa kidogo mno, huwezi kugundua kama hujaambiwa. Mbona unauliza?

Chizuru


Itayanagi, 5 Agosti 2014

Chizuru,

Marahaba. Tufani imepita kando, imeniangushia matufaha machache tu. Nasafisha makaburi kwa ajili ya siku za kuwakumbuka wafu. Bibi yako nimempelekea tikiti maji kaburini, wewe hukuja.

Nauliza kwa sababu nimepata njia. Yule aliyekuwa ndani ya Mfalme Kutu alikuwa rafiki yangu Hideji Sawame, marehemu sasa. Pozi la Kutu tulilitunga mimi na yeye wakati wa chakula, kwa kumdhihaki Mvuke. Mvuke anazungusha mikono kiunoni kama magurudumu, kwenda mbele, halafu mkono wa kulia unapanda juu na kuvuta filimbi. Kutu anazungusha vilevile, ila kurudi nyuma, halafu vidole vinashuka vinatambaa usoni, vinakula mashavu. Kila mtoto wa wakati ule analijua. Kujirai halijui, maana hajawahi kutazama hata kipindi kimoja, alijisifu hivyo mwenyewe.

Siku ya kwanza, ukumbi umejaa, watakwambia upige pozi naye. Piga la Kutu. Atakufuata. Wale wazee wenye mvi waliomlipia kiingilio wataona kwa macho yao kwamba Mvuke wao hajui hata kuwa Mvuke. Sitaki damu, sitaki mahakama. Nataka achekwe. Nimechekwa mimi vya kutosha.

Ukiogopa, sema. Nitakuelewa, nitarudi kwenye matufaha yangu.

Mjomba


Tokyo, 3 Septemba 2014

Mjomba,

Shikamoo. Nilikuwa nimeandika barua ndefu ya kukukatalia. Nilieleza kwamba mtu wa ndani hamwaibishi mtu wa uso, kwamba hiyo kwetu ndiyo amri ya kwanza, kwamba sitapata kazi tena Tokyo nzima, na kwamba ukumbini kutakuwa na watoto. Bahasha ilikuwa imeshabandikwa stempu.

Leo mchana yeye alikuwa kwenye televisheni, kipindi cha akina mama. Mtangazaji kamuuliza habari za zamani. Kasimulia ile ya mlevi wa Aomori, tena safari hii kwa vitendo, anayumba, anaongea kwa lafudhi yenu ya Tsugaru huko Aomori, anaangusha kikombe. Watu hoi kwa kicheko. Mama alikuwa anakunja nguo. Hakucheka. Alisema, "Kaka yangu yule," akaenda jikoni.

Barua nimeichana. Niambie tu, vidole vinaanzia kwenye paji la uso au kwenye macho?

Chizuru


Tokyo, 28 Septemba 2014

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa maelezo, na asante kwa kutoniandikia neno lingine. Mama hajambo. Nimefanya, na sijui nicheke au nilie.

Ukumbi ulijaa pomoni. Watoto mbele na filimbi zao za plastiki, baba zao nyuma, na huko juu kabisa wazee wako, wengine wamekuja na fulana za 1974 ambazo matumbo yamezikataa. Sumaku alijitambulisha, Umeme akajitambulisha, ukumbi ukatetemeka. Mshereheshaji, msichana mwenye sauti ya kengele, akasema, "Na sasa yule aliyeanzisha yote! Bwana Kujirai, tupigie pozi!"

Akatabasamu. Jicho likaja. Nikaanza kuzungusha kurudi nyuma, na yeye nyuma. Nikasikia wazee wanavuta pumzi. Nikapandisha vidole kwenye paji la uso, na yeye. Vikatambaa mashavuni, na vyake vikatambaa, kwa moyo wote, macho yamemtoka, akapaza sauti: "Shujaa Mvuke, nimefika!"

Halafu sauti moja ya kizee kule nyuma: "Aa, huyo si Kutu?" Watoto wakadaka, "Kutu! Kutu! Kutu!" Kicheko kilichofuata, Mjomba, nilikisikia mpaka ndani ya mbavu. Roho yangu iliburudika kama nimekunywa maji ya barafu.

Iliburudika kidogo tu. Mtu yule ana macho makavu! Alisubiri kicheko kifike juu, akainua mikono akasema, "Mnaona? Hata mimi kutu imenila, nimezeeka!" Wakampigia makofi wamesimama. Magazeti ya leo yote yanamsifu, eti ucheshi wa mwigizaji mkubwa. Tumempa zawadi, Mjomba. Mimi na wewe.

Nyuma ya jukwaa Bwana Tobita alikuwa mweupe. "Vua vazi, nenda zako, usirudi." Kujirai akaingia, akasema bila kupepesa, "Muache. Tulipanga mimi na yeye." Kwa hiyo kazi bado ninayo, na ninayo kwa hisani yake. Bora angenitukana.

Halafu akanisubiri kwenye korido. Hakutabasamu. Akasema, "Walipocheka ndipo nilipolikumbuka. Lile pozi lilitungwa na watu wawili wakati wa chakula, wakinicheka mimi. Mmoja amekufa. Tsuneo yuko wapi?" Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa ndani, na mtu wa ndani hasemi.

Chizuru


Itayanagi, 21 Oktoba 2014

Chizuru,

Nani alimpa anwani? Usinijibu kwa salamu za magoti ya mama yako. Nani?

Alikuja Ijumaa, katikati ya mavuno, nikiwa juu ya ngazi. Teksi imemwacha barabarani, viatu vinang'aa, sanduku la vitamu vya maharage limefungwa kitambaa cha zambarau. Nywele zote ziko. Hilo nalo liliniuma. Goro hakubweka hata, msaliti.

"Tsuneo," akasema.

"Unaziba njia ya mkokoteni," nikamwambia. "Kama umekuja kusimama, kasimame kwingine. Kama umekuja kwangu, panda ngazi ile, chuma. Shika kikonyo, inua, zungusha. Ukivuta unalivunjia tawi la mwakani."

Akavua koti, akapanda. Alichuma mpaka mikono inamtetemeka, akakwaruzika shingo, viatu vikawa matope. Sikumpa maji. Mimi nakwambia ukweli, nilifurahi kila alipoguna. Majirani walipita, bibi wa shamba la pili akauliza, "Umepata kibarua?" Nikamjibu, "Nimepata, lakini hafai."

Jua lilipoinama nikamuuliza neno moja, lile ambalo sijamwambia mtu, hata wewe nilikuandikia nikaliruka. "Ile sake. Ulininywesha kwa huruma, au kwa hila?"

Aliligeuza tufaha mkononi, juu ya ngazi. Nikasema moyoni, akijibu huruma namwangusha na ngazi yake. Akasema, "Nilianza kwa huruma. Kabla kichupa hakijaisha, nilikuwa nimeshapiga hesabu."

Akashuka, akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji, paji la uso chini. Akasema maneno yote yanayosemwa. Nikamwambia, "Inuka, unalowa bure. Ulinichafua mbele ya watu, unanisafisha mbele ya mbwa? Samahani ya uani siitaki. Karudishe pale pale ulipochukulia."

Akasema studio haitamruhusu, kwamba watoto wanaamini yeye na Mvuke ni mtu mmoja, kwamba imebaki salamu moja tu ya mwisho, Sendai, Novemba. Nikamwambia mimi siijui Sendai. Aliondoka kwa miguu mpaka stesheni.

Vile vitamu nimempa Goro. Amevikataa.

Mjomba


Tokyo, 24 Novemba 2014

Mjomba,

Shikamoo. Kuhusu anwani sina la kusema. Nimerudi kutoka Sendai jana, na naandika kabla magazeti hayajakufikia.

Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko ule wa Tokyo, baridi, watu na makoti yao. Wazee walikuwa wengi. Njia nzima kwenye treni Kujirai alitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba safari hii nitasimama tu, mikono chini, nimwache na pembe yake ya jicho.

Mshereheshaji akasema, "Bwana Kujirai, leo ni la Mvuke au la Kutu?" Watu wakacheka, wanangoja ule mzaha. Yeye akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema, "Silijui. Sijawahi kulijua. Juu ya mapaa nilikuwa nikiiba kwa mwenzangu."

Wakaendelea kucheka. Akangoja. Kicheko kikafa chenyewe.

"Kutembea kwake, kuruka kwake, kuanguka kwake, hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Aliyekuwa ndani ya Mvuke anaitwa Tsuneo Kasai, wa Itayanagi. Nimesema mara nyingi kwamba alikuwa mlevi. Hanywi. Mlevi alikuwa mimi, na pikipiki nilikuwa naendesha mimi, na sake nilimmiminia mimi mdomoni ili anuke yeye badala yangu. Nimekula jina lake maisha yangu yote." Hapo kipaza sauti kikakatwa. Akaendelea kwa sauti ya koo lake, ile ya filamu za kisamurai, na kila mtu alisikia.

Mtu wa studio alikuwa anatupungia tutoke. Mtoto mmoja mbele akaanza kulia, akamuuliza baba yake Mvuke ni nani sasa. Mimi nikiwa ndani siruhusiwi kusema. Nikapiga pozi. La kweli, Mjomba. Uzito mguu wa kulia, bega la kushoto, magurudumu kwenda mbele, nikavuta filimbi, nikashusha mabega mara moja.

Na watu wakaita. Hawakuita Mvuke. Waliita Kasai. Ukumbi mzima, Mjomba, "Kasai! Kasai!" Ndani ya kichwa sikuona kitu tena kwa machozi, Umeme ndiye aliyenishika mkono kunitoa.

Kujirai amefutiwa tangazo la chai na tamthilia ya mwaka mpya. Mimi kazi ya mwakani sijaitwa bado. Bwana Tobita hasemi nami, lakini ameninunulia soda. Mama nimemsomea yote. Atakupigia simu, tafadhali ipokee.

Chizuru


Itayanagi, 2 Desemba 2014

Chizuru,

Marahaba, mpwa wangu. Theluji imefika magotini. Mama yako alipiga. Alilia mpaka nikamwambia apenge makamasi kwanza, simsikii. Tumesemezana.

Sijamsamehe. Usije ukamwambia mtu kwamba nimemsamehe. Nimemtumia sanduku la matufaha yaliyopondeka, ale hayo. Tamthilia yake ikifutwa na ifutwe, mimi ilifutwa ndoa.

Barua yako ni mbaya. Mambo yasiyo na maana umeyajaza, makoti, treni, soda, na penye maana umeruka. Waliita, umesema. Nani alianza? Ni wale wazee wa nyuma au mtu wa mbele? Waliita Kasai tupu, au Tsuneo Kasai? Mara moja wakaacha, au waliendelea? Watoto nao waliita?

Niandikie upya sehemu hiyo peke yake. Polepole, usiruke kitu.

Mjomba wako,
Tsuneo Kasai